Jirani Anaporuhusiwa Kukupeleka Mahakamani

Katika mikutano yetu ya wanawake swali la Texas limekuwa likiulizwa mara kwa mara. Wengi wetu tunao watoto, wapwa au wakwe walioko Houston na Dallas, na wengi wao wanafanya kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee. Wanapopiga simu nyumbani wanasimulia sheria ambayo mtu akiisikia kwa mara ya kwanza anadhani amesikia vibaya: kwamba huko mtu yeyote, hata asiyemjua mama mwenye mimba wala daktari, anaweza kwenda mahakamani kumdai aliyesaidia mimba kutolewa, na akishinda analipwe fedha. "Mpaka dereva wa teksi?" aliniuliza mama mmoja wa kikundi chetu. Ndiyo, mpaka dereva wa teksi.

Nimeona tulizungumze jambo hili kwa utulivu. Msimamo wetu Wakristo juu ya uhai wa mtoto aliye tumboni unajulikana, nami ninaushika. Sikuandika makala hii ili kuubishia. Swali ninalotaka tulitazame ni jingine: ni nani mwenye haki ya kusimama mbele ya jaji na kusema "namdai huyu"? Na ni nini kinachotokea nyumbani, wodini na hata kanisani pale haki hiyo inapogawiwa kwa kila mtu, tena pamoja na zawadi?

SHERIA YENYEWE

Tarehe 19 Mei 2021 Gavana Greg Abbott wa Texas alitia sahihi sheria iliyotokana na Muswada wa Seneti Namba 8. Ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Ilikataza kutoa mimba mara tu mapigo ya moyo wa mtoto yanapoonekana kwenye kipimo, yaani kama wiki ya sita. Iliruhusu dharura ya kiafya, lakini haikumwachia nafasi mwanamke aliyebakwa wala msichana aliyepewa mimba na ndugu wa damu.

Hapa niseme neno kama muuguzi. Wiki sita za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siyo tangu siku mimba ilipotunga. Maana yake ni kwamba mama ambaye siku zake zinakwenda sawasawa amechelewa wiki mbili tu. Mama anayenyonyesha, mama aliyekuwa akichoma sindano za uzazi wa mpango, mama wa miaka arobaini na kitu ambaye hedhi yake imeanza kuruka, hao mara nyingi hawajui lolote. Kila muuguzi wa zahanati amekutana na mama aliyekuja akidhani ana malaria, kumbe ana mimba ya miezi mitatu.

Lakini si wiki sita zilizowashangaza wanasheria. Majimbo mengine yalikwisha kutunga sheria za namna hiyo, na majaji walizizuia. Jambo jipya lilikuwa ni utekelezaji. Sheria ya kawaida tunaijua: polisi anakamata, mwendesha mashtaka wa serikali anafungua kesi, hakimu anaamua. Sheria hii ya Texas iliwakataza maofisa wote wa serikali, wa jimbo na wa wilaya, kuitekeleza. Kazi hiyo ikapewa raia. Mtu yeyote asiyekuwa ofisa wala mwajiriwa wa serikali aliruhusiwa kufungua kesi ya madai dhidi ya daktari aliyetoa mimba, au dhidi ya yeyote aliyesaidia. Kulipa gharama kulihesabiwa kuwa ni kusaidia, hata malipo yakipitia bima. Na sheria ikasema kwamba msaidizi anawajibika hata kama hakujua kuwa mimba ile itatolewa kinyume cha sheria.

Mdai akishinda, mahakama inamwamuru mdaiwa amlipe si chini ya dola 10,000 kwa kila mimba, yaani zaidi ya shilingi milioni 20 za kwetu, pamoja na gharama zake za wakili. Na mdaiwa akishinda? Halipwi hata senti ya wakili wake. Mlango wa kudai unabaki wazi kwa miaka minne. Mdai anaweza kufungua kesi katika wilaya anayoishi yeye, mbali na kwa mdaiwa. Mama mwenyewe aliyetolewa mimba hadaiwi, na mwanamume aliyembaka hawezi kuwa mdai. Mambo hayo mawili ni vizuri kuyakumbuka, maana simu za kutoka ng'ambo mara nyingi zinayasahau.

Linganisha na kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 150, inampa anayetoa mimba isivyo halali kifungo cha hadi miaka 14, na kifungu cha 151 kinampa mama mwenyewe hadi miaka 7. Ni adhabu kali kuliko kudaiwa fedha. Lakini kesi ni ya Jamhuri, na mshitaki hapati mgawo. Hapo ndipo tofauti ilipo.

KWA NINI WALIIPITIA NJIA HIYO

Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo. Tangu tarehe 22 Januari 1973, katika kesi ya Roe na Wade (nayo pia ilitoka Texas), Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imesema kwamba katiba ya nchi inamlinda mwanamke anayeamua kutoa mimba. Jimbo lililotunga sheria ya kupinga hilo lilikuta sheria yake imezuiwa na jaji kabla haijaanza kutumika.

Na jaji huzuiaje sheria? Wengi hatujui jambo hili, nami ilinibidi nilisome mara mbili. Jaji hafuti maandishi ya kitabuni. Anachofanya ni kumwamuru ofisa fulani asiitekeleze. Tangu mwaka 1908, katika kesi iliyomhusu mwanasheria mkuu wa jimbo la Minnesota na nauli za reli, utaratibu wa Marekani umekuwa huo: ukiona sheria inavunja katiba, unamdai yule ofisa mwenye kazi ya kuitekeleza, naye anazuiwa.

Mwanasheria mmoja, Jonathan Mitchell, aliyewahi kuwa wakili wa serikali ya Texas katika mashauri ya rufaa, aliandika juu ya jambo hilo katika jarida la sheria mwaka 2018. Kutokana na hoja yake likazaliwa wazo hili: kama hakuna ofisa mwenye kazi ya kutekeleza, basi hakuna wa kuzuiwa. Mwaka 2019 mji mdogo wa Waskom, mashariki mwa Texas, ulitunga sheria ndogo kwa mfano huo, kwa msukumo wa mchungaji mmoja wa eneo hilo, Mark Lee Dickson. Miji mingine ikafuata, na tarehe 1 Mei 2021 wapiga kura wa mji mkubwa wa Lubbock wakaikubali yao. Seneta Bryan Hughes akaipeleka fikra hiyo kwenye bunge la jimbo lenye watu zaidi ya milioni 29. Nani angewafunga mikono watu milioni 29, tena pamoja na wale wa majimbo mengine?

Watetezi wa sheria hii wana hoja, na si haki kuzipita. Wanasema kwamba kwa karibu miaka 50 majaji waliwanyima wananchi nafasi ya kumlinda mtoto asiyeweza kujisemea. Wanasema kuna waendesha mashtaka wa miji mikubwa walioapa kutofungua kesi za namna hii kamwe, kwa hiyo kuwategemea ni bure. Wanasema sheria ilimwacha mama bila kumgusa. Na wanasema kuna watoto walio hai leo kwa sababu yake. Watafiti waliochapisha mwaka 2023 walikadiria kwamba kati ya Aprili na Desemba 2022 walizaliwa Texas watoto karibu 9,800 zaidi ya waliotarajiwa. Mimi siwezi kuitazama hesabu hiyo nikasema si kitu.

HUKU NA HUKU MAHAKAMANI

Kliniki zilikimbilia Mahakama ya Juu ya Marekani kabla sheria haijaanza. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021 majaji watano dhidi ya wanne walikataa kuizuia. Jaji Mkuu John Roberts, ambaye si mtu wa mrengo wa kutetea utoaji mimba, alikuwa upande wa wale wanne. Alitaka isimamishwe kwanza ili namna hiyo mpya ya utekelezaji ichunguzwe. Serikali ya Marekani nayo ikaidai Texas. Tarehe 6 Oktoba Jaji Robert Pitman wa Austin aliizuia sheria; baada ya siku mbili mahakama ya rufaa ikaliondoa zuio lake. Katika siku hizo mbili ni kliniki chache tu zilizothubutu kufanya kazi, kwa sababu sheria ilikuwa imeweka mtego: ukitenda jambo ukitegemea zuio la jaji, kisha zuio hilo likaondolewa, unaweza kudaiwa kwa yale uliyoyatenda zuio likiwepo.

Tarehe 10 Desemba 2021 Mahakama ya Juu ilisema kwamba makarani wa mahakama na mwanasheria mkuu wa Texas hawawezi kudaiwa juu ya sheria hii, ila ikaacha upenyo mdogo wa kuwadai maofisa wanaotoa leseni za udaktari na uuguzi. Tarehe 11 Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Texas ikauziba upenyo huo: ikasema hata maofisa wa leseni hawana mamlaka ya kuitekeleza sheria. Kesi ya kliniki ikaishia hapo. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Juni 2022, hukumu ya mwaka 1973 ilifutwa katika kesi iliyotoka Mississippi, na tangu tarehe 25 Agosti 2022 Texas ina sheria ya jinai inayokataza karibu kila utoaji mimba, isipokuwa uhai wa mama ukiwa hatarini au akikabiliwa na madhara makubwa ya mwili. Ile ya raia kudai haikufutwa. Ziko zote mbili.

HOFU ILITOSHA

Jambo la kushangaza ni kwamba kesi zilizofunguliwa kwa sheria ile zilikuwa chache mno. Hazikuhitajika nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliohesabu walikuta kwamba Septemba 2020 mimba zilizotolewa katika kliniki za jimbo zilikuwa 4,313, na Septemba 2021 zilikuwa 2,164. Nusu ilipungua ndani ya mwezi mmoja, bila polisi hata mmoja kubisha hodi. Wanawake wengine walisafiri kwenda Oklahoma, Louisiana na New Mexico, kwa saa nyingi barabarani. Kampuni za Uber na Lyft zilitangaza kwamba zitawalipia madereva wao gharama za mawakili endapo watadaiwa. Shirika la Texas Right to Life lilifungua mahali pa kupokea taarifa za siri kwenye intaneti. Watu wakapamiminia taarifa za uongo, na kampuni iliyokuwa ikiutunza ukurasa huo ikaukataa.

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya Dk. Alan Braid wa San Antonio. Yeye mwenyewe aliandika katika gazeti la Washington Post, tarehe 18 Septemba 2021, kwamba siku 12 kabla alikuwa ametoa mimba iliyopita kipimo cha sheria. Alieleza kwamba alipoanza kujifunza kazi yake hospitalini mwaka 1972 aliona wasichana watatu wakifa kwa mimba zilizotolewa kwa siri. Mnakubaliana naye au hamkubaliani, hiyo ni sehemu yake ya habari. Waliojitokeza kumdai hawakuwa majirani zake wala wanaharakati wa kutetea uhai. Mmoja alikuwa Arkansas na mwingine Illinois, wote wawili watu waliowahi kuwa mawakili. Wa Arkansas alisema wazi kwamba kama Texas imeamua kutoa dola 10,000, kwa nini asizichukue yeye. Wa Illinois aliipinga sheria yenyewe na alitaka mahakama iibatilishe. Texas Right to Life iliwashutumu wote wawili. Yaani hata waliopanda mbegu hawakuyapenda matunda ya kwanza.

UPANDE WA WODINI

Sheria ya Texas inasema kwamba kuondoa mtoto aliyekwisha kufa tumboni si kutoa mimba, na kwamba kutibu mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi si kutoa mimba. Ukisoma karatasi, mambo ni safi. Wodini si hivyo. Mama anakuja chupa imevunjika katika mwezi wa nne. Mtoto hataishi, hilo kila mkunga analijua, lakini moyo wake bado unadunda. Homa ya mama haijapanda. Je, hiyo ni dharura tayari, au tusubiri homa ipande ndipo iwe dharura? Uchafu ukishaingia kwenye mfuko wa uzazi hausubiri wanasheria. Saa chache zinatosha kuupeleka kwenye damu.

Na vidonge ni vilevile. Misoprostoli inayotajwa katika kesi hizi ndiyo hiyo tunayoitumia sisi kumwokoa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au kusafisha mfuko pale mimba ilipoharibika yenyewe. Mtu wa nje anayeangalia anaona muuguzi amempa mama mjamzito kidonge, basi. Hawezi kujua ni kwa lipi. Kumpa huyo mtu wa nje haki ya kudai maana yake ni kwamba kila muuguzi anaandika faili la mgonjwa huku akimfikiria mtu asiyemjua.

Mwaka 2024 shirika la habari la ProPublica lilichapisha habari za akina mama wa Texas waliofariki baada ya matibabu ya mimba iliyokuwa ikiharibika kucheleweshwa. Mwaka huohuo watafiti walionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga Texas viliongezeka kutoka 1,985 mwaka 2021 hadi 2,240 mwaka 2022, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watoto waliozaliwa na kasoro ambazo hawangeweza kuishi nazo. Nawaza juu ya mama aliyebeba miezi tisa akijua hatarudi na mtoto nyumbani. Wako akina mama Wakristo wanaoichagua njia hiyo kwa hiari na imani, nami nimewahudumia wa namna hiyo. Ni jambo takatifu. Kulazimishwa na mtu anayetafuta fidia ni jambo la namna nyingine. Mwaka 2025 bunge la Texas lenyewe lilipitisha sheria ya kufafanua ni wakati gani daktari aruhusiwe kumwokoa mama. Wasingeifafanua kama wodini kungekuwa na uwazi.

NDUGU KUMDAI NDUGU

Idaho ilijaribu kuisahihisha njia ya Texas. Sheria yake ya Machi 2022 haikumruhusu kila mtu. Iliwaruhusu baba, babu na bibi, ndugu wa mtoto, mashangazi na wajomba, kila mmoja akidai dola 20,000 kutoka kwa daktari. Kwa sikio la Mwafrika inasikika vizuri zaidi, maana mtoto ni wa ukoo. Lakini tazama ndani. Mbakaji hakuruhusiwa kudai. Ndugu zake waliruhusiwa. Dada wa mbakaji, kaka wa mbakaji, mama yake. Gavana Brad Little aliitia sahihi huku akiandika kwamba ana mashaka na njia hiyo na kwamba inaweza kuwaumiza upya wanawake waliobakwa. Kwa nini aliitia sahihi basi, ni swali ambalo wapiga kura wake wangemuuliza.

Huko Galveston, Texas, mwaka 2023, mwanamume mmoja aliwadai marafiki watatu wa aliyekuwa mkewe, akitaka dola milioni moja kwa kila mmoja, akisema walimsaidia mkewe kupata vidonge vya kutoa mimba. Wakili wake alikuwa Jonathan Mitchell. Hakuitumia sheria ya mwaka 2021 bali ile ya kifo kilichosababishwa na kosa la mtu mwingine. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa ni ujumbe wa simu wa hao marafiki. Wawili kati yao nao wakamdai yeye. Mwezi Oktoba 2024 pande zote ziliziacha kesi zao. Fikiria meseji zako na shoga yako wa karibu, zile za usiku mume akiwa amelala, zikisomwa na mawakili.

Mtume Paulo aliwaonea aibu Wakristo wa Korintho kwa kupelekana mahakamani wakati miongoni mwao palikuwa na watu wa hekima. Naye Bwana wetu alipoletewa mwanamke aliyefumaniwa, walioleta walikuwa na sheria mkononi. Hakuwaambia kuwa sheria ni ya uongo. Kuna mchungaji aliyeniambia kwamba habari hiyo haihusiki hapa kwa sababu Texas haimgusi mwanamke. Ni kweli haimgusi kwa madai. Lakini inawaondoa waliomzunguka mmoja baada ya mwingine, dada yake, rafiki yake, dereva wake, mkunga wake, na yeye anabaki peke yake na siri yake. Mwanamke aliyebaki peke yake ndiye tunayempokea saa nane za usiku akiwa amekunywa kitu asichotaka kukitaja.

UMEUMIA NINI?

Mahakama za duniani zina swali la zamani kwa kila mdai: wewe umeumia nini? Ng'ombe wa jirani akila mahindi yako, unadai. Akila mahindi ya mtu wa kijiji cha tatu, huyo wa kijiji cha tatu ndiye adai. Swali hilo ndilo lililoishinda kesi ya Dk. Braid. Mwezi Desemba 2022 Jaji Aaron Haas wa Bexar aliitupa kesi ya yule mtu wa Illinois, akasema mtu asiyeumia hana haki ya kudai. Mwaka mmoja kabla, tarehe 9 Desemba 2021, Jaji mwingine wa Texas, David Peeples, alikuwa amekwisha kusema kwamba kumpa haki ya kudai mtu asiyeumia, kutoza dola 10,000 kama adhabu bila kinga za kesi ya jinai, na kukabidhi raia kazi ya serikali, vyote vinakwenda kinyume cha katiba ya Texas. Hakutoa amri ya kuizuia sheria nzima, kwa hiyo hofu ikabaki palepale.

Kwetu Tanzania swali hilo tunalifahamu, na aliyelifikisha mahakamani alikuwa mchungaji. Mwaka 1993 marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu ya Dodoma kudai, pamoja na mengine, haki ya mgombea binafsi. Serikali ilimuuliza: wewe umeumia nini? Jaji Lugakingira akajibu kwa niaba yake kwamba Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua mahakamani kuilinda Katiba na sheria, hata kwa manufaa ya umma. Mwaka 2020 Bunge letu liliubana mlango huo kwa kumtaka mwombaji aeleze kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, na mabishano juu ya kifungu hicho yakaenda mahakamani. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 22, waliuacha wazi: mtu anaweza kudai kwa manufaa ya umma.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba raia kudai kwa niaba ya wengine ni jambo baya siku zote, nitambishia. Marekani yenyewe tangu mwaka 1863, wakati wa Rais Lincoln, inamruhusu raia kumdai tajiri aliyeiibia serikali na kupata mgawo. Lakini hapo kilichoibiwa ni mali ya umma, na serikali inaweza kuingia kwenye kesi na kuiongoza. Mchungaji Mtikila aliidai serikali, mwenye nguvu kuliko yeye, bila ahadi ya fedha. Texas ilimpa mtu njia ya kumdai mwuguzi aliye dhaifu kuliko yeye, kwa malipo, na bila hatari ya kulipa chochote akishindwa. Mizani ya namna hiyo siipendi hata kama iliwekwa kwa ajili ya jambo ninaloliamini.

Na silaha ikishatengenezwa haichagui mikono. Julai 2022 Gavana Gavin Newsom wa California, mtu wa upande wa pili kabisa, alitia sahihi sheria inayomruhusu raia yeyote kuwadai wauzaji wa bunduki fulani, dola 10,000, kwa kuinakili njia ya Texas. Majaji wachache walikuwa wameonya juu ya hilo. Leo ni bunduki. Kesho jimbo fulani linaweza kuamua ni mahubiri. Oklahoma nayo ilitunga sheria mbili za mimba kwa mfano wa Texas mwaka 2022, na mahakama yake ya juu ikazibatilisha tarehe 31 Mei 2023.

VIDONGE KWA POSTA

Siku hizi mabishano yamehamia kwenye vidonge. Madaktari wa New York, California, Massachusetts na majimbo mengine wanalindwa na sheria za kwao wanapowaandikia dawa wanawake wa Texas na kuzituma kwa posta. Ili kuwafikia, Gavana Abbott alitia sahihi sheria nyingine tarehe 17 Septemba 2025, nayo ilianza kutumika tarehe 4 Desemba 2025. Raia anaweza kumdai anayetengeneza, anayesambaza au anayetuma vidonge hivyo Texas, si chini ya dola 100,000. Ila safari hii walijifunza kitu: mdai asiyekuwa na undugu na mtoto anabaki na dola 10,000 tu, na zinazosalia zinakwenda kwa shirika la hisani. Mwanamke aliyemeza vidonge hadaiwi, na sheria inalinda habari zake zisitangazwe katika kesi. Ni wazi kwamba watunzi waliona aibu ya zile dola za kwanza.

Mama uliye na binti au mkwe huko Texas, haya ndiyo ya kumwambia simuni. Mimba ikianza kuharibika, aende hospitali mapema, asisubiri kwa kuogopa. Aeleze ukweli wote: damu imeanza lini, chupa imevunjika saa ngapi, amemeza nini, homa ipo au haipo. Daktari hawezi kumtibu kwa kubahatisha, na hakuna kati ya sheria hizi mbili za madai inayomruhusu mtu kumdai yeye mgonjwa. Akiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au majimaji yenye harufu, ayataje kwa sauti na aombe yaandikwe kwenye faili pamoja na saa. Na kama binti yako ndiye muuguzi, mshauri aombe mwongozo wa maandishi kutoka kwa wakubwa wake wa kazi, autunze, na asizungumze habari za mgonjwa kwenye simu yake hata na wewe mama yake.